Kuhamisha mbao 214 kwa mkupuo: anza na zile tatu zilizovurugika

Swali limetoka kwa msomaji ambaye ni afisa TEHAMA wa mradi wa maji vijijini, Dodoma:

"Shikamoo. Ofisi yetu ipo Area D. Tangu 2020 tunatumia Miro, ile programu ya mbao za kuandikia mtandaoni, kupangia kazi zetu: ramani za visima, vikao vya tathmini, mafunzo ya vyombo vya watumia maji huko Bahi, Chamwino na Chemba. Sasa tuna mbao 214. Makao makuu wameamua ofisi zote zihamie Lucidspark, programu nyingine ya aina hiyo hiyo, na leseni yetu ya Miro inakwisha tarehe 30 Juni. Nimejaribu kuhamisha mbao kumi kwa njia ya kuingizia ya Lucidspark yenyewe. Saba zimekuja vizuri, tatu zimevurugika. Mkurugenzi anasema hicho ni kitufe kimoja tu, bonyeza zote zihame. Nianzie wapi, na yeye nimwambie nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa umeuliza mapema. Wengi huniandikia leseni ikiwa imeshakwisha, na hapo hubaki na pole tu ya kuwapa.

Hizo tatu zilizovurugika usizifute. Ndizo zitakazokufundisha kazi yote. Zile saba hazikuambii kitu zaidi ya kwamba njia inafanya kazi kwa mbao nyepesi. Tenga asubuhi moja, fungua ubao wa zamani upande wa kushoto wa kioo na mpya upande wa kulia, halafu andika kwenye daftari kila kilichopotea, kilichosogea au kilichobadilika sura. Utaona makosa yanajirudia: manne, matano, si zaidi ya hapo. Makosa hayo hayo ndiyo yanayokusubiri kwenye mbao 204 ambazo hujazigusa.

Mkurugenzi hajakosea kusema kitufe kipo. Kampuni hizi zinagombania wateja, kwa hiyo Lucidspark imetengeneza mlango wa kupokea mbao za Miro. Kitufe kitabeba maumbo, maandishi na picha. Ila kazi yenu ya miaka yote hii imekaa pia kwenye maoni ya pembeni, kwenye rangi mlizokubaliana maana yake, kwenye linki mlizotumiana WhatsApp na kwenye jina la aliyeufungua ubao. Huko kitufe hakifiki, na huko ndiko nitakakokaa nawe zaidi.

Nianze na kwa nini mbao huvurugika, maana ukielewa kinachotokea ndani hutahangaika kubonyeza upya ukitumaini mara ya pili itakubali. Miro hukipa kila kitu mahali pake kwa namba mbili, moja ya kwenda kulia na moja ya kwenda chini, na namba hizo zinataja katikati ya kitu chenyewe. Kitu kilicho wazi hupimwa kuanzia katikati ya ubao mzima. Kitu kilicho ndani ya fremu, lile boksi la kukusanyia vitu ubaoni, hupimwa kuanzia kona ya juu kushoto ya fremu hiyo. Faili la kuingizia la Lucid, kampuni yenye Lucidspark, linataka kitu kingine: kona ya juu kushoto ya umbo, pamoja na upana na urefu wake. Katikati ya safari lazima hesabu ipigwe. Chukua kikaratasi cha kunata chenye upana wa 200 na urefu wa 200, katikati yake ikiwa 500 kulia na 300 chini. Kona yake ni 400 na 200. Programu ikiruka hesabu hiyo, kikaratasi kinaangukia 100 zaidi kulia na 100 zaidi chini. Kimoja hakina shida. Lakini vikiwa themanini vya ukubwa tofauti, kila kimoja kinasogea kwa kipimo chake, na mshale uliokuwa unaonyesha kisima kinachodai pampu mpya unaelekea kisima cha kijiji jirani. Anayekuja kuusoma ubao huo mwezi wa nane hatajua kwamba mshale umepotoka. Ataandika oda ya pampu.

Kwa hiyo ukizitazama mbao zako tatu, kwanza uliza: vitu vilivyosogea vilikuwa ndani ya fremu? Kama jibu ni ndiyo kwa vyote, una tatizo moja, na lina dawa: kabla ya kuhamisha, chukua nakala ya ubao, vitoe vitu nje ya fremu zake, uhamishe nakala hiyo, kisha fremu uzichore upya upande wa pili. Ni kazi ya dakika chache kwa ubao mmoja.

Rangi zina hila yake. Vikaratasi vya Miro vina rangi 16, na kila rangi inatambulika kwa jina. Vinakokwenda, rangi hutajwa kwa namba, hivyo anayezifasiri huchagua iliyo karibu. Sasa fikiria ramani yenu: njano ni kisima chenye maji mwaka mzima, njano iliyopauka ni kisima cha msimu. Zikigeuka kuwa njano moja, ubao utaonekana msafi kabisa, wala hakuna atakayelalamika, na taarifa imekwenda. Ninachokusihi ni kuingiza maana kwenye maneno kabla ya safari. Ndani ya kila kikaratasi andikeni "msimu", "mbovu", "chumvi". Mimi huwa napenda neno kuliko rangi hata pasipo kuhama, maana tuna wenzetu wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani na huwa hawasemi.

Michoro ya kalamu, ile ya mtu kuburuta kidole kwenye tableti, ipige picha mapema. Video na majedwali yaliyopachikwa ubaoni yaandikie linki zake pembeni kwa maandishi ya kawaida. Kura mlizopiga na historia ya mabadiliko usizitarajie upande wa pili.

Tuje kwenye hesabu yenyewe. Umesema mbao 214. Kazihesabu nani, na kwa akaunti ya nani? Orodha unayoitoa ukiwa umeingia kwa jina lako inakuonyesha mbao unazoruhusiwa kuziona. Mhandisi aliyefungua ubao wake wa faragha 2022 akakaa nao, huo haumo. Nimeona orodha ya ofisi ikikua sana baada ya kila mfanyakazi kuketi na laptopu yake na kufungua ukurasa wake mwenyewe. Fanyeni hivyo kwa pamoja, siku moja, saa moja baada ya kikao cha Jumatatu, chai ikiwepo. Ukituma barua pepe ya kuwaomba, watajibu nusu. Na msisahau walioacha kazi: tafuteni mbao zao ziko chini ya nani sasa.

Kama unatoa orodha kwa skripti, yaani programu fupi ya kujiandikia, kupitia API ya Miro, mlango ambao programu nyingine hupitia kuomba taarifa, kumbuka inakupa mbao zisizozidi 50 kwa mara moja. Kwa mbao 214 utaiita mara tano. Ukipata orodha yenye mbao 50 kamili, usifurahi, bado hujamaliza. Vitu vilivyo ndani ya ubao navyo hutoka 50 kwa mara, na kosa la kuishia ukurasa wa kwanza ndilo linalofanya ubao wenye vikaratasi 300 ufike ukiwa na 50, tena vimepangika vizuri tu.

Orodha hiyo iweke kwenye Excel. Safu ya kwanza isiwe jina la ubao. Naamini mna mbao zaidi ya moja zinazoitwa "Kikao" na kadhaa ambazo hazikupewa jina kabisa. Tumia kitambulisho chake, yale maandishi marefu yanayokuja baada ya neno board kwenye anwani, pamoja na alama ya = inayofunga mwishoni, nayo ni sehemu yake. Halafu ndiyo jina, mmiliki, tarehe ya mwisho kuguswa, idadi ya vikaratasi, kama una maoni, kama una majina au namba za simu za watu, linki yake imebandikwa wapi, na uamuzi.

Waliokuwepo wakati ofisi za Serikali zinahamia hapa kutoka Dar es Salaam, baada ya tangazo la 2016, wanajua ninachosema. Sanduku lililoandikwa juu lilifunguliwa wiki ile ile. Sanduku lisiloandikwa lilikaa koridoni mpaka mtu akalihitaji, na alipolihitaji alifungua masanduku yote.

Safu ya uamuzi ndiyo itakayokupunguzia mzigo. Mbao zote 214 hazina sababu ya kuhama. Kuna zilizo hai, yaani timu inazifungua na kuzihariri sasa hivi. Hizo zihame. Kuna zilizo ushahidi: kikao cha tathmini cha 2021, mpango wa uchimbaji uliokwisha, mafunzo yaliyolipiwa na mfadhili. Hakuna atakayezihariri tena, lakini mkaguzi anaweza kuziulizia. Hizo hazihitaji Lucidspark, zinahitaji kabati, yaani folda yenu wenyewe ya kuhifadhia. Na kuna mbao za mazoezi, zenye mshale mmoja na neno "test". Mwenyewe akikubali kwa maandishi, zifutwe. Sitashangaa ukikuta zilizo hai hazifiki sitini, na sitini watu wawili wanazimaliza kwa mkono ndani ya wiki mbili, wakikagua moja moja. Ndiyo maana sikushauri uandike kihamishio chako mwenyewe. Skripti ikusaidie kuorodhesha na kuweka akiba. Kuhamisha tumia mlango rasmi wa Lucidspark, na kurekebisha tumia macho.

Kwa zile za kabati, hifadhi kila ubao kwa sura zaidi ya moja. PDF ni ya kuutazama ulivyokuwa. CSV, faili la jedwali la maandishi matupu, ni ya maandishi ya vikaratasi, ili siku moja mtu aweze kutafuta neno "Chipanga" na kulipata. Picha zitoe zikiwa faili zenyewe. Miro pia inakupa nakala rudufu yenye mwisho wa .rtb, herufi zilizobaki kutoka jina lake la zamani, RealtimeBoard, kabla ya kuitwa Miro mwaka 2019. Ichukue kama utaweza, lakini usiihesabu kuwa akiba: faili hilo linafunguka ndani ya Miro tu. Leseni ikishakwisha, una sanduku ambalo ufunguo wake umo ndani.

Hapo kwenye picha nikuombe utulie kidogo. Katika kazi za maji vijijini kuna picha ambayo haina pacha popote. Wananchi wamekaa chini ya mti, mama mmoja amechukua kijiti akachora kijiji chao mchangani: shule hapa, korongo hili, kisima cha zamani kile, na kokoto zimewekwa mahali ambapo maji hupatikana kiangazi. Mtu wenu akapiga picha kwa simu, akaibandika ubaoni, simu ikapotea au ikajaa akafuta. Ubao ndiyo nakala pekee. Ukitoa PDF, picha ile inabanwa, na kokoto hazionekani tena. Kwa hiyo picha za ubaoni zipakueni kwa ukubwa wake wa asili, zote, kabla ya jambo jingine lolote. Kama unatumia skripti, ipakue picha mara tu inapoiona. Anwani ya picha unayopewa na API ni ya muda mfupi, na ukiiandika kwenye Excel ukasema utarudi kesho, kesho haitafunguka.

Maoni nayo nina deni nayo, acha nikusimulie. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia taasisi moja hapa mjini kuhama. Tulikuwa waangalifu: tulitoa PDF za kila ubao, tukalinganisha, tukafunga akaunti kwa wakati. Baada ya majuma mawili mhandisi akanipigia. Kwenye mpango wao kisima kimoja kilikuwa kimehamishwa kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa ofisini kwake akitaka kujua kwa nini. Sababu ilikuwepo. Iliandikwa kwenye maoni, kile kiputo kidogo pembeni ya kikaratasi: majibizano ya watu watatu kuhusu matokeo ya upimaji, maji ya pale pa kwanza yalikuwa na chumvi nyingi mno. PDF ilionyesha kisima kipya. Maoni hayakuwamo, akaunti imefungwa, na mmoja wa wale watatu alikuwa ameshahama nchi. Mhandisi alilazimika kutafuta majibu ya maabara upya, na mwenyekiti aliondoka akiamini kuna kitu kinafichwa. Kosa lile lilikuwa langu, maana mimi ndiye niliyesema kazi imekamilika.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Kwenye kila ubao wenye maoni, mmiliki anaufungua na kusoma maoni yote, yaliyofungwa na yaliyo wazi. Lenye uamuzi ndani yake linaandikwa upya kama kikaratasi cha kawaida, likiwa na tarehe na cheo cha aliyelisema, na linawekwa pale pale pembeni ya kitu linachokihusu. Kikaratasi kinasafiri, kiputo hakisafiri. Ni kazi ya mkono na inachosha, lakini ndiyo sehemu ya uhamisho ambayo nikiambiwa nibakize moja tu, nitabakiza hiyo.

Sheria usiiruke. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo na inafanya kazi. Mbao zenu za mafunzo nina hakika zina majina ya wajumbe wa kamati, namba za simu, pengine na sahihi zilizopigwa picha. Kuzipeleka kwa mtoa huduma mwingine, ambaye seva zake ziko nje ya nchi, ni kusafirisha taarifa za watu, na sheria ina masharti kuhusu hilo. Muulizeni mwanasheria wenu kabla, na muwe na jibu la maswali mawili: taarifa hizi tunazihitaji bado, na wenyewe waliambiwa zitatumikaje? Mara nyingi jibu la swali la kwanza ni hapana. Mahudhurio ya mafunzo ya 2021 yatolewe ubaoni, yawekwe kwenye jalada la mradi lenye kufuli, na ubao uhame bila majina.

Kuhusu mtandao, unajua mwenyewe. Pakueni usiku, kwa waya badala ya bando la simu kama ofisi ina faiba, na skripti iandike kwenye faili kila ubao uliokamilika ili umeme ukikatika ianzie ilipoishia. Miro inaweka kikomo cha maombi kwa dakika. Ukiikimbiza itakujibu kwa namba 429, maana yake punguza mwendo. Iambie skripti ipumzike kidogo kati ya ubao na ubao, usishindane nayo. Na usiache kazi hii ifike wiki ya mwisho. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na nchi nzima intaneti ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Ofisi iliyokuwa na mwezi mzima mbele yake ilisubiri. Iliyokuwa na siku mbili haikuwa na la kufanya.

Zilizo hai zihamishe timu kwa timu, si alfabeti kwa alfabeti. Anza na timu ndogo yenye watu wavumilivu. Wape siku ya kufunga: kuanzia Ijumaa saa kumi jioni hakuna anayehariri ubao wa zamani, na msimamizi anabadilisha ruhusa ziwe za kutazama tu. Usitegemee ahadi, badilisha ruhusa kweli. Bila hivyo Jumatatu mtu atahariri wa zamani, mwenzake atahariri mpya, na mtakuwa na ukweli wa aina mbili kuhusu kisima kimoja. Mwishoni mwa wiki hamisha, Jumatatu asubuhi kagua pamoja nao.

Kukagua ni kuhesabu kwanza. Vikaratasi vilikuwa vingapi, vimefika vingapi. Mishale mingapi, picha ngapi. Namba zikilingana ndipo mmiliki anakaa na ubao wake dakika kumi akisoma mishale inakoelekea, na anaandika jina lake kwenye ile Excel kwamba ameupokea. Asiandike afisa TEHAMA kwa niaba yake. Wewe unaweza kuona kwamba mshale upo. Yeye ndiye anayejua kama unaelekea mahali pake.

Linki zitakusumbua baada ya hapo. Zimebandikwa kwenye taarifa za robo mwaka, kwenye barua pepe kwa mfadhili, kwenye kundi la WhatsApp la mafundi wa Chemba. Leseni ikikwisha, linki hizo zinaweza kuwa mlango uliofungwa. Huwezi kuzibadilisha zote, na usijaribu. Tengeneza jedwali moja lenye anwani ya zamani na mpya, liweke mahali ambapo kila mtu ofisini anaweza kulifungua, na kwenye kila ubao wa zamani weka kikaratasi kikubwa chekundu juu kabisa: "Ubao huu umehama, mpya uko hapa." Kisha badilisha wewe mwenyewe linki zilizo kwenye nyaraka mnazozitumia sasa. Taarifa za zamani zitasomwa kwa msaada wa jedwali.

Sasa mkurugenzi. Usiende kwake na hesabu za kona na katikati. Mchapishie kurasa mbili, ubao mmoja kati ya zile mbao tatu, ulivyokuwa na ulivyofika, na uzungushie kwa kalamu mshale uliopotoka. Mwambie: "Tukibonyeza leo zote zitahama, na hatutajua zipi zimehama hivi." Kisha mpe tarehe. Orodha na picha zikamilike mwisho wa Aprili. Maoni yaandikwe na kabati lijazwe katikati ya Mei. Zilizo hai zihame kufikia mwisho wa Mei. Juni yote Miro ibaki ya kutazama tu, watu wakigundua kilichosahaulika wakati bado kinaweza kuchukuliwa. Mwombe mtu mmoja wa kusaidiana nawe kwa wiki mbili, na saa moja ya kila mmiliki wa ubao. Hayo si maombi makubwa kwa kazi ya miaka yote hii.

Akikuuliza kwa nini muwe na kabati la PDF na CSV ilhali mnalipia Lucidspark, mkumbushe Jamboard, ubao wa mtandaoni wa Google. Google walitangaza Septemba 2023 kwamba wanaifunga. Tarehe 1 Oktoba 2024 ikawa ya kutazama tu, na 31 Desemba 2024 ikazimwa. Onyo la mwaka mzima na zaidi, kutoka kampuni kubwa kuliko hizi zote, na bado Januari 2025 nilipokea simu za watu wakiuliza mbao zao ziko wapi. Lucidspark nayo mtaihama siku moja, kwa bei, kwa amri ya makao makuu au kwa kufungwa. Kabati likiwa lenu, siku hiyo mtahamisha zilizo hai tu.

Jambo moja la haraka, fanya wiki hii: waandikie Miro barua pepe uulize mbao zenu zitakuwa katika hali gani tarehe 1 Julai, na zitabaki hivyo kwa muda gani. Jibu lao lihifadhi kwenye kabati lile lile.

Na zile mbao tatu, ukishamaliza asubuhi yako ya kulinganisha, nitumie orodha uliyoiandika. Ondoa majina ya watu kwanza. Nitakuonyesha kipi kinarekebishika kwa mbao zote kwa pamoja, na kipi mkae nacho wewe na mhandisi mkichore upya kwa mkono.